Mnaotaka kuwa mamenta wa watoto ambao mzazi yuko jela, hebu tuongee kwanza

ShangaziMtopanga

Salamu kwenu nyote, wa dini zote. Tangu niandike kwenye ule uzi mwengine kuwa mimi na wenzangu kadhaa ni mamenta, yani kila mtu mzima na mtoto wake mmoja wa kukutana naye na kumzoea, wa watoto ambao mzazi wao yuko gereza la Shimo la Tewa, King'orani ama Manyani, inboksi yangu imefurika. Kuna wa Likoni ataka kuanzisha kama yetu, kuna wa Changamwe, mpaka Kilifi huko. Mashallah. Ila maswali yenyewe ndo yamenitia wasiwasi, manake karibu yote ni pesa zatoka wapi, twasajiliwa wapi, kikundi tukiite nani. Hakuna hata mmoja alouliza mtoto akishamzoea mtu halafu yule mtu akapata kazi Nairobi akaenda zake, itakuwaje. Kwangu mimi hilo ndo swali la kwanza na mengine yote yaja nyuma yake.

Kwa hivo nimefungua uzi nijibu hapa mara moja.

Huu mtindo wa kumpa mtoto mtu mzima mmoja wa kumzoea si wetu, yani kwa sura hii ya kupangwa. Kwetu zamani mtoto wa jirani alikuwa mtoto wa mtaa mzima na hakuna alojaza fomu. Hii ya fomu ilianza New York mwaka 1904, karani wa korti aitwa Ernest Coulter alichoka kuona vijana wakiletwa mbele ya hakimu kila siku akaanza kutafuta wanaume wawe kaka wakubwa wao, ndo likatoka shirika la Big Brothers Big Sisters. Halafu mwaka 2000 kule Philadelphia wakaanzisha mradi wa Amachi, huo sasa ni wa watoto wa wafungwa hasa. Aliyeuendesha ni mchungaji W. Wilson Goode, aliwahi kuwa meya wa mji huo huo, na yeye mwenyewe babake alifungwa alipokuwa kijana. Alizunguka makanisani, kila kanisa akaliomba watu 10 tu, kila mtu na mtoto wake mmoja, saa moja kwa wiki, mwaka mzima. Kanisa kazi yake kutafuta watu. Kuchuja watu, kuwaoanisha na watoto na kuwapigia simu kila mwezi kuuliza mwaendeleaje, hiyo kazi ilifanywa na Big Brothers Big Sisters manake ndo wenye uzoefu. Mimi hapo ndo nilipopapenda, kila mtu kapewa kipande chake.

Sasa sikizeni hili. Mwaka 2002 watafiti wawili, Jean Grossman na Jean Rhodes, waliangalia hao watoto wa Big Brothers Big Sisters kwa kipimo cha muda walokaa na menta. Walokaa mwaka na zaidi walipata faida kubwa. Wale ambao urafiki ulikatika kabla ya miezi mitatu walishuka, yani walikuwa wanajiona duni kuliko walivokuwa kabla hawajaletewa mtu. Someni tena hapo. Mtoto asiye na menta kabisa alikuwa afadhali kuliko yule aloletewa menta akakimbia.

Na hawa wetu ndo zaidi, manake wao washaachwa mara moja tayari na mtu waliyemuamini kuliko wote. Ukija wewe na zawadi na simu nzuri ukapotea mwezi wa pili umemthibitishia alichokuwa akikishuku.

Kwa hivo ukitaka kuja, jiulize kama utakuwa Mombasa mwaka ujao wakati kama huu. Kama hujui, kuna kazi nyingine nyingi, ntazitaja.

BaroWaLikoni

Shikamoo shangazi. Mimi ndo yule wa Likoni 😅 Nina vijana 20 tayari wote wamemaliza kidato cha nne na wengine wako chuo kikuu cha TUM, mpango wetu ulikuwa tuanze na watoto 50 likizo ya Agosti, tuwapeleke Haller Park wakaone kobe, tupike biriani, tisheti kila mmoja, halafu Disemba tufanye nyingine. Mfadhili wa tisheti tushampata. Sasa ukisema kila wiki mwaka mzima nimeishiwa pumzi

ShangaziMtopanga

Marahaba mwanangu. Haller Park na biriani si vibaya wallahi, watoto wafurahi, lakini hiyo iite siku ya kutembea usiite menta.

Vijana 20 anza na watoto watano. Ndiyo, watano. Chukua vijana watano wa kukaa na watoto na wawili wa akiba ambao watoto wanawajua sura na majina, ili mmoja akifiwa au akiumwa mtoto asikae barazani kusubiri mtu asokuja. Wale wa TUM walio mwaka wa mwisho usiwape mtoto, wataenda atachimenti na kazi, wape kusaidia hesabu na Kiingereza kwa grupu, hapo hata akiondoka mmoja grupu labaki. Wengine wabebe kazi ya kuwapigia mamenta simu na kuandika daftari. Mtu wa daftari ndo roho ya kikundi na hakuna anayekitaka hicho cheo.

Na tisheti achana nazo. Umefikiria zitaandikwa nini? Mtoto avae kifuani kuwa babake yuko ndani? Likoni yote itajua kabla hajashuka feri.

Picha pia. Nishaona kikundi kimoja, sitaki kukitaja, wamepanga watoto mstari na unga na sabuni mikononi, nyuso wazi, wakaandika chini "watoto wa wafungwa". Ile picha haitoki tena mtandaoni. Huyo mtoto ataomba kazi miaka kumi na tano ijayo na picha iko pale pale. Isitoshe kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, habari za mtoto hazichukuliwi bila idhini ya mzazi au mlezi na hata ukiwa nayo sharti iwe kwa maslahi ya mtoto. Idhini ya nyanya aliyeshikwa mkono akaambiwa weka kidole hapa upate unga, hiyo kwangu si idhini.

FundiMakupa

Mimi ntasema kile wengine mwaogopa kusema. Ndugu yangu alikatwa panga Kisauni akitoka kazini saa tatu usiku, simu wakachukua, mkono wake wa kulia mpaka leo haushiki bisibisi na yeye kama mimi ni fundi. Mmoja wa walomkata alishikwa akafungwa. Sasa mwaniambia mtoto wa yule aletewe menta, apelekwe kuona kobe, apikiwe biriani. Na watoto wa ndugu yangu ambao babao hana kazi, wao hawakuumizwa? Nani kawafungulia uzi?

pwani_tu

Fundi umeongea. Nafatilia

Kimya_Kimya

@FundiMakupa pole sana kwa ndugu yako, na sisemi hivo kwa mdomo tu.

Mimi ni mtoto wa yule. Si wa yule alomkata ndugu yako, ila babangu alikuwa Manyani miaka mingi kwa mambo ya kutumia nguvu, na alikuwa na makosa, sisi nyumbani hatukuwahi kusema kasingiziwa. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Sikukata mtu. Lakini jioni yake tu watoto tulokuwa tukicheza nao mchezo wa kati waliambiwa wasicheze na sisi, mamangu akanyimwa mkopo wa unga dukani ambao alikuwa akipewa kila siku na akilipa, na mwalimu mmoja skuli kila kitu kikipotea mfuko wa kwanza kufunguliwa ni wangu. Nilipofika darasa la saba nilikuwa nishaanza kusema basi kama ndo mwanitaka niwe hivo, ngoja.

Alonitoa hapo hakuwa menta wa mradi wowote. Ni mzee mmoja mtengeneza mafriji, kila Alkhamisi alikuwa akiniita nimshikie tochi. Basi. Hakunihubiria hata siku moja. Alikuwa akiniuliza umeona ile waya imeungua, nasema nimeona, ananiambia iguse. Mtu aliyeniachia kisanduku chake cha vifaa akaenda kuswali. Kwa miaka. Ndo nikafanya ufundi.

Sasa wewe ni fundi. Nataka tu ufikirie hilo, sikulazimishi.

FundiMakupa

Sawa nimekusoma. Bado nauliza kuhusu watoto wa ndugu yangu.

ShangaziMtopanga

Baba swali lako ni la haki na lina jibu. Walete.

Sikusema mwanzo, kwenye kikundi chetu si watoto wote wana mzazi ndani. Wengine baba kafa, wengine baba ni teja yuko maskani tu, wengine mama mgonjwa, wengine wana wazazi wote ila nyumba imejaa. Tulifanya hivo makusudi, manake ukifungua mlango wa watoto wa wafungwa peke yao, kila atakayeonekana akiingia kesha tangazwa. Huku kwetu jina ni "masomo ya Jumapili". Nani wa nani tunajua watu watatu, na daftari iko kabatini imefungwa. Hata mamenta wengine hawajui kesi ya mzazi wa mtoto wao, wanajua tu kuwa hayupo, mpaka mtoto mwenyewe aseme.

Watoto wa ndugu yako wana miaka mingapi? Niandikie inboksi.

MamaMajengo

Jamani mimi naomba msaada wa kitu kimoja. Nalea watoto wawili wa dadangu, mkubwa miaka tisa mdogo mitano. Dadangu yuko ndani kwa mambo ya unga, yani madawa ya kulevya, hakuwa akitumia, alikuwa akiwawekea watu. Siku aliposhikwa watoto walikuwa chuoni, yani madrasa, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikawaambia mamenu kapata kazi Saudia kaenda ghafla. Sasa ni mwaka wa pili. Majirani wana mama zao Saudia kweli na Dubai, wapigiwa video kila Ijumaa, waletewa mabegi na perfyumu. Mkubwa akaniuliza juzi kwani mamangu simu yake haina kamera? Nikamwambia mwajiri mkali. Akanyamaza, lakini alivoniangalia nimejua kuwa ajua. Nifanyeje? Na nikimpeleka kwa menta, menta atamwambia?

DadaTudor

Wallahi hii ya Saudia ni nyumba ngapi hapa Mombasa. Zamani ilikuwa "baba yuko melini"

ShangaziMtopanga

Dadangu usijilaumu, nusu ya nyumba tunazoingia zina Saudia yao.

Menta hatamwambia. Hiyo ni sheria yetu ya chuma, menta hadanganyi na menta hatoboi. Mtoto akimuuliza "mamangu yuko wapi", menta amwambia hilo swali zuri na mwenye jibu ni khaloo wako, wataka tumuulize pamoja? Halafu anatupigia sisi simu siku ile ile, na sisi tunakuja kwako tukae tupange. Anayemwambia ni wewe, ama mamake mwenyewe akikubaliwa kuongea naye. Na mamake lazima aulizwe, huko ndani hajakoma kuwa mama, kuna mmoja alikataa mtoto aambiwe, tukamtumia ujumbe kwa nduguye mara mbili tatu mpaka akakubali na yeye ndo akachagua maneno.

Maneno yenyewe yawe mafupi. Sisi kwa mtoto wa miaka tisa twasema hivi: mama alifanya jambo ambalo sheria inakataza, hakimu akasema akae mahali paitwa jela kwa muda. Si kwa sababu yako. Anakupenda. Wewe utaendelea kukaa na mimi na skuli ni ile ile. Halafu unanyamaza. Usianze kumweleza unga ni nini na nani alimponza. Ataulizia mwenyewe, labda baada ya wiki, labda akiwa anaoga.

Hilo la "si kwa sababu yako" usiliruke hata likikuonekania la kijinga. Watoto wana hesabu zao. Tulikuwa na mmoja aliyeamini babake alishikwa kwa kuwa yeye aliiba mabuyu dukani siku ile na polisi walikuja nyumba ile ile. Alilibeba hilo peke yake hajamwambia mtu.

Na afadhali asikie kwako kuliko kwa mtoto wa jirani siku wanagombania mpira. Ile ya mpira ndo mbaya.

Kimya_Kimya

Naunga mkono. Mimi niliambiwa ukweli mapema na ndo kitu kimoja ninachomshukuru mamangu kuhusu ile miaka. Shida yangu ilikuwa skuli, ile insha ya "Baba yangu", na fomu za kazi ya baba. Nilikuwa naandika mkulima. Na si uongo sana, wafungwa hulimishwa 😂

afande_mstaafu

Nilivaa sare za Magereza miaka mingi kabla sijastaafu, wacha niwasaidie kwa yale nnayoyajua manake naona watu wanazunguka.

Kwanza mtoto mdogo. Sheria ya Magereza yaruhusu mama aingie na mtoto wake mchanga na akae naye mpaka afikishe miaka minne. Akifika hapo lazima atoke, aje kuchukuliwa na jamaa au idara ya watoto. Hiyo siku ya kutoka ni ngumu kuliko watu wanavofikiria, mtoto hajawahi kuona gari barabarani, hajaona mbwa, hajalala bila mamake. Kama mna nguvu ya ziada wale ndo wahitaji mtu aanze kwenda kuwajua KABLA hawajatoka. Sio siku ya kutoka ndo mjitokeze. Tena Mkataba wa Afrika wa haki na ustawi wa mtoto, ibara ya 30, wasema hakimu akimhukumu mama wa mtoto mdogo afikirie kwanza adhabu isiyokuwa ya jela, na sheria yetu ya utumishi wa jamii iko tangu 1998. Mawakili wengi hawalitaji hilo. Walezi waambieni wawakumbushe.

Pili kuhusu kuhesabu siku. Mfungwa wa kawaida akiwa na tabia njema hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, kwa hivo aliyepewa miaka tisa mara nyingi hutoka akimaliza sita. Lakini si wote, wa maisha hawamo na makosa mengine hayamo. Msimwambie mtoto tarehe. Namwona menta mwenye moyo mzuri anafanya hesabu kwenye simu anamwambia mtoto babako atoka mwezi fulani, mtoto anavaa nguo mpya anakaa mlangoni. Na wa rumande ndo kabisa, kesi hutajwa leo, yaahirishwa, hutajwa tena, kila mara nyumba nzima imepika. Afadhali mtoto ajue kuwa hakuna anayejua.

Tatu, kuhamishwa. Mtu anahukumiwa hapa Shanzu nyumba yake iko Bamburi, kesho yuko Manyani, ama Kamiti, ama Naivasha. Nauli ya mama na watoto watatu kwenda Naivasha na kurudi ni kodi ya mwezi. Kikundi kikichanga nauli ya mara moja kwa mwaka mtoto akamuone mzazi, kimefanya kazi kuliko tisheti.

Nne, menta asimpeleke mtoto gerezani peke yake. Aende mlezi na kitambulisho chake, menta akitaka awe wa kusindikiza na abaki nje. Kutembelea kwa kawaida ni kwa muda mfupi na kuna kizuizi katikati, mtoto mdogo haelewi kwa nini baba hamshiki. Magereza yana siku maalum za watoto ambapo wanakaa na mzazi kabisa wanakula pamoja, ulizieni afisa wa ustawi wa gereza husika mapema, msibahatishe. Barua mwandikie mkuu wa gereza, nakala kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Mkienda bila afisa wa watoto kujua mtarudishwa, na ni haki mrudishwe.

MamaMajengo

Afande Mungu akubariki. Sikujua kuna siku za kukaa nao.

Maalim_Kibokoni

Assalaam aleikum. Yangu machache. Ratiba: watoto wengi wa huku Jumamosi na Jumapili asubuhi wako chuoni, na wenzetu Wakristo wako kanisani Jumapili mpaka mchana. Ukiweka shughuli saa nne asubuhi wamlazimisha mlezi achague, na akichagua chuo utamwona kama hana shukrani. Jumapili baada ya adhuhuri mpaka laasiri ndo wakati wa watu wote. Ramadhani msiweke safari wala mapishi ya mchana, wekeni usomaji barazani, na futari ya pamoja mara moja wakaribisheni wote.

Na dini isiwe mtego. Mtoto wa Kiislamu asifundishwe nyimbo za kanisa kwa sababu ya daftari la bure, na mtoto wa Kikristo asisilimishwe kwa ajili ya unga. Nyanya akishuku hilo hata siku moja, kazi yenu imekwisha mtaa mzima, na mtakuwa mmestahili.

DadaTudor

Amin maalim.

Mimi ni menta, huu ni mwaka wangu wa tatu na binti mmoja, sasa yuko darasa la sita. Watu huuliza kwani mnafanya nini hiyo saa nzima. Mambo ya kawaida jamani. Twasuka nywele, twala viazi karai, twafanya hesabu za sehemu ambazo mimi mwenyewe zanishinda. Miezi ya kwanza alikuwa hasemi kitu, akiulizwa ni "sawa" tu, na mimi nilitaka kuacha manake nilihisi napoteza wakati wake. Walonishikilia ni hawa wa daftari, kila mwezi simu.

Siku moja tulienda Fort Jesus, mimi nawaza yale ya Wareno na mizinga, nikasahau kabisa kuwa Waingereza waliifanya ngome nzima kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Mtembezaji akalitaja tu akipita. Binti akasimama. Akamuuliza mtembezaji, na watoto wao wakija kuwaona walikuwa wakikaa wapi? Yule bwana hakuwa na jibu, akasema sijui mama, hilo halijaandikwa. Tukaendelea kutembea, akauliza kama walikuwa wakipewa chai. Halafu akaniambia babangu hupewa chai asubuhi, alitwambia. Ikawa ndo mara ya kwanza kumtaja. Mimi nikasema enhe, na uji je? Tukaongea uji na chai mpaka mlangoni, halafu akataka aiskrimu ya ubuyu na hadithi ikaisha hapo. Sikuchimba.

Jirani_Bombolulu

Nimesoma yote. Mimi nimekaa ndani miaka minne, wizi, nikatoka, sasa nauza maji kwa mkokoteni na niko safi. Nawajua hawa watoto kuliko nyinyi wote hapa manake wangu walikuwa hao. Nikija nikasema nataka kuwa menta, mtanikubali?

ShangaziMtopanga

Ntakujibu kwa uwazi kakangu, manake umeuliza kwa uwazi. Kila anayekaa na mtoto wetu anatuletea cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na watu wawili wa kumshuhudia ambao si jamaa zake. Chako kitatoka na rekodi. Kwetu mwenye rekodi hakai na mtoto mmoja kwa mmoja. Tungekukaribisha kwa vijana wakubwa, kwa grupu, uwaambie mambo ambayo sisi hatuyajui. Ama uwe mtu wa kusindikiza walezi magerezani, wewe wajua mlango upi na neno lipi.

Jirani_Bombolulu

Kwa hivo mwaka wa tano baada ya kutoka bado nimefungwa. Haya.

Kimya_Kimya

Shangazi hapo mimi na wewe hatutakubaliana. Mimi ningemtaka huyu. Ungeniletea mtu mzima mmoja tu alotoka kule akawa anauza maji yake na anacheka, ningelala usiku. Mimi nilidhani mtu akiingia ndo basi. Wizi wa miaka hiyo ni kitu kimoja, aliyemgusa mtoto ni kitu kingine, mbona muwaweke kapu moja?

afande_mstaafu

Aliyehukumiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 hata lango asilikaribie, hapo hakuna mjadala. Wengine mimi nakubaliana na Kimya, mwangalie kosa na muda.

ShangaziMtopanga

Nimewasikia, na sisemi sheria yetu imeshuka kutoka mbinguni. Lakini mjue tuko Pwani. Kuna watu wazima, wageni na wenyeji, ambao wanatafuta hasa mtoto asiyekuwa na baba wa kumuulizia, na wanajua kujipaka upole. Wengi wao rekodi hawana, cheti chao ni cheupe pepepe. Kwa hivo cheti ni mlango wa kwanza tu. Kinachotulinda ni kuwa menta hakutani na mtoto nyumbani kwake wala chumbani popote, ni barazani, Mama Ngina, uwanjani, maktaba, mahali pana macho. Hamchukui mtoto usiku. Hampi simu wala pesa kimyakimya. Hawaandikiani WhatsApp wenyewe, ni kwa simu ya mlezi. Na mtoto anafundishwa namba 116, ni bure, apige hata kama ni mimi shangazi nliyemkosea.

Jirani, njoo Jumapili tuongee uso kwa uso na wenzangu wawepo. Siahidi kitu. Lakini sitaki hili liishie mtandaoni.

Jirani_Bombolulu

Ntakuja.

FundiMakupa

Shangazi nimekuandikia inboksi. Wa ndugu yangu ni wawili, wa kike kumi na moja, wa kiume minane. Yule wa kiume apenda kufungua redio. Na kama huko kuna kijana wa kunishikia tochi, karakana yangu iko wazi kwa barabara pande zote mbili watu wapita. Siulizi ni wa nani.

BaroWaLikoni

Haya mimi nimerudi. Tumekaa jana na wenzangu, wanane wameondoka walivosikia mwaka mzima 😅 wamebaki kumi na wawili. Tutaanza na watoto watano kama ulivosema, na tumeshampata msichana mmoja mkali wa kushika daftari. Mfadhili wa tisheti tumemuomba ageuze iwe nauli, amesema atafikiria. Sasa hivo vyeti vya tabia njema twachukua wapi, na kuna mtu kati yetu hana hata hizo pesa za kulipia?

afande_mstaafu

Ombi lafanywa eCitizen, walipa shilingi 1,050, unachapisha fomu unaenda kutiwa alama za vidole. Kwa nyinyi wa Likoni vukeni feri mwende Huduma Centre pale GPO, Digo Road, mwende asubuhi mapema. Mbebe vitambulisho halisi, nakala peke yake hawataki.

ShangaziMtopanga

Yule asokuwa na pesa mchangieni, msimruhusu aanze kabla cheti hakijatoka eti kwa sababu twamjua. Na kabla hamjamuita mtoto hata mmoja nendeni kwa afisa wa watoto wa Likoni mjitambulishe, mwende watatu sio kumi na wawili.